Waya Fupi za Hamburg

Ndege ya Airbus A380 ilijengwa na nchi nne zilizoapa kushirikiana: mabawa Uingereza, mkia wa mlalo Hispania, kiwiliwili Ujerumani na Ufaransa, kisha vyote kuungwa Toulouse. Mabawa yalisafiri kwa meli, yakapita mito, yakamalizia usiku juu ya malori katika barabara za vijijini, wala hayakupotea. Kilichopotea njiani ni michoro.

Wahandisi wa Ujerumani na Hispania walichora kwa programu ya CATIA, toleo la 4. Wenzao wa Ufaransa na Uingereza walichora kwa CATIA hiyohiyo, toleo la 5. Matoleo hayo hayakuelewana sawasawa, na bila shaka vikao vya uratibu viliendelea kwa heshima zote. Ndani ya ndege hiyo hupita waya za kilomita 500 na ushei. Mafungu ya waya yaliyotoka Hamburg yalipofika Toulouse, mengine yalikuwa mafupi, hayakufika yalikotakiwa. Ikabidi mafundi wa Kijerumani wapelekwe Ufaransa kutandika waya kwa mkono. Hapo ndipo washirika walipoanza kuonana.

Juni 2006 ucheleweshaji mwingine wa ndege hiyo ulitangazwa, na hisa za EADS, kampuni mama ya Airbus, zikaporomoka kwa takriban robo ndani ya siku moja. Julai, viongozi Noël Forgeard wa EADS na Gustav Humbert wa Airbus wakajiuzulu. Christian Streiff, aliyemrithi Humbert, alidumu miezi mitatu hivi. Singapore Airlines, iliyoahidiwa ndege mwaka 2006, ilikabidhiwa ya kwanza Oktoba 2007.