Sifa za Mjumbe Asiyekosa Kikao

Nasimama mbele yenu, jicho moja limezibwa pamba, kumsifu bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, mkazi wa maji na udongo, aliyenipata shambani baada ya jani la uwele kunichuna kioo cha jicho.

Fadhila zake ndogo nazitaja kwa haraka. Hadai nauli. Habagui tajiri na fukara. Haoni haya kuishi hata ndani ya chupa ya dawa ya matone. Trakoma, ugonjwa wa macho wenye jina kubwa zaidi huku Dodoma, una nzi wake wa kuusifu.

Lakini sifa yake kuu ni kuheshimu akidi. Akiwa peke yake hafanyi fujo. Askari wa mwili wangemmaliza. Hutoa tu kemikali ndogo, homoserini laktoni, kama anayeitika jina lake kwenye mahudhurio. Wakiwa wachache, kemikali hiyo hupotelea kwenye machozi. Wakiongezeka, hukolea, huwaingia wote na kuamsha jeni zilizokuwa zimelala. Hapo, bila mwenyekiti kugonga meza, humwaga kwa pamoja vimeng'enya vya kuyeyusha kioo cha jicho na rangi inayoupa usaha ukijani, kisha hujijengea utando wa kuzuia dawa. Ustaarabu wa aina hii wanasayansi Nealson, Platt na Hastings waliueleza mwaka 1970, kwa bakteria wa baharini wanaotoa mwanga: wachache ni giza, wakijaa wanang'aa. Hakuna posho, hakuna udhuru, hakuna mgeni rasmi wa kusubiriwa hadi saa nane mchana.

Usaha ulipogeuka kijani nilikwenda zahanati. Nikapewa mafuta ya tetrasaiklini, ambayo bakteria huyu huyadharau, nikaambiwa mtaalamu wa macho yuko semina. Semina! Jicho linaweza kutoboka ndani ya siku chache, lakini semina haikatizwi. Matone ya siprofloksasini nikayafuata Dodoma mjini, kwa hela yangu.

Nikarudi kijijini nikakuta pampu ya kisima chetu bado imekufa. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu. Wa kuchangia pampu umeahirishwa tena. Mtendaji alikaa chini ya mbuyu na daftari lake. Wananchi walikuwa mnadani, na wachache waliofika waliondoka walipoona hakuna soda. Huko juu nako ni yale yale. Dunia iliahidi kumaliza trakoma ifikapo 2020. Mwaka ukapita, tarehe ikasogezwa hadi 2030. Nguzo mojawapo ya mpango wa kuimaliza ni kunawa uso. Kwa maji gani? Bwawa la Farkwa, tuliloahidiwa lituletee maji, tumelinywa kwenye hotuba miaka mingi, na kiu iko pale pale.

Kwa hiyo napendekeza kila mkutano wa maji ukikosa akidi, barua ya kuahirisha ipelekwe na nakala kwa bakteria, ili nao waahirishe. Naomba kutoa hoja.