Ikiwasha Sana, Umeikosea

Msimu wa karafuu ukiingia Mgogoni, huku kwetu kaskazini mwa Pemba, nyumba isiyo na mtu mwenye kidonda ni ya kutafuta. Aliyepanda mkarafuu ameteremka na michubuko mapajani. Mama aliyekwenda kwenye mwani amerudi na mkato wa tumbawe unyayoni. Hapo hapo hutokea matabibu watatu wasioitwa: mmoja na mafuta ya taa, mmoja na majivu, mmoja na dawa ya mswaki. Na wote wana kauli moja: "Ikiwasha ndiyo dawa!"

Mwongozo huu naanza nao wao. Hatua ya kwanza ya kutengeneza marhamu nyumbani ni kuyarudisha mafuta ya taa kwenye kandili, majivu jaani, na dawa ya mswaki mdomoni. Vikishafika kwao, tuingie jikoni.

Chukua nazi tatu zilizokomaa. Zikune kwa mbuzi, kamua kwa maji kidogo ya vuguvugu, chuja kwa kitambaa safi upate tui zito. Weka sufuria kwenye moto mdogo, kisha kaa kitako. Mwenye haraka huchochea kuni, tui likaungua, na marhamu yake ikanuka ukoko mpaka msimu ujao. Wewe ngoja. Tui litachemka, litakatika, chembe zitakwenda chini na kugeuka kahawia, mafuta yatapanda juu yakiwa mang'avu. Tega sikio: sufuria ikiacha kutatarika, maji yamekwisha. Usiepue kabla ya hapo, kwa sababu maji yakibaki ndani, marhamu huota ukungu. Ndiyo maana mimi sitii utomvu mbichi wa mshubiri ndani yake, ingawa jirani zangu wananiona mchoyo. Zile chembe za kahawia watilie watoto sukari, wale.

Mafuta ya nazi peke yake hayatulii kwenye kidonda. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mchana wa Pemba haushuki huko. Ukiyapaka kwenye goti yatakutana na kifundo cha mguu. Yanahitaji nta ya nyuki, ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi 62 au zaidi kidogo. Pima gramu 80 za mafuta kwa gramu 20 za nta safi, weka kwenye bakuli, na bakuli hilo uliweke juu ya sufuria ya maji ya moto. Usiiweke nta juu ya moto wenyewe, inashika moto. Ikishayeyuka, dondoshea tone moja kwenye sahani baridi. Likiwa gumu mno, ongeza mafuta. Likitiririka, ongeza nta.

Sasa karafuu, na hapa ndipo sisi Wapemba tunapopoteza akili. Tuna haki ya kujivuna: kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, ya kwetu ilisalimika, na tangu hapo karafuu ya Zanzibar ni Pemba. Makonyo tuliyokuwa tukiyafagia yanakamuliwa mafuta kiwandani Wawi, Chake Chake. Ndani ya mafuta hayo mna yujenoli, kitu kinachoua vijidudu na kutia ganzi; madaktari wa meno wanakitumia miaka mingi. Lakini kitu hicho hicho kikizidi kinaunguza ngozi. Ami yangu mmoja alitia vijiko viwili akiamini anatia baraka. Mchubuko wake ulikuwa mdogo kama kucha. Malengelenge yaliyofuata yalijaa kiganja.

Kwa hiyo hesabu kwa sauti, matone 10 tu kwa gramu 100 za marhamu, baada ya kuiepua, ikiwa imeanza kupoa. Koroga, mimina kwenye kichupa kilichochemshwa na kukaushwa kabisa, andika tarehe. Kabla ya kuitumia, paka kidogo ndani ya mkono, ngoja siku nzima. Pakiwa pekundu au pakiwasha, marhamu hiyo si yako.

Nayo haichukui nafasi ya maji na sabuni. Kidonda kioshe kwanza kwa maji safi yanayomiminika, kibane kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, kikauke, ndipo upake utando mwembamba. Tena ni kwa michubuko na mikwaruzo tu. Aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu asipakwe kitu, apelekwe hospitali. Mkato wenye kina, msumari uliochoma unyayo, kidonda kilichoingia udongo, hivyo vinataka kituo cha afya na chanjo ya pepopunda, leo, si baada ya kuvuna. Aliyeungua na maji ya moto amwagiliwe maji baridi ya kawaida kwa dakika 20. Mafuta ya aina yoyote juu ya ngozi iliyoungua sasa hivi hufungia joto ndani. Watoto wachanga waache na ngozi yao. Naomba sana hapa msinisikilize nusu, kwa sababu pepopunda inaua, na chanjo yake ipo.

Kichupa cha kwanza nilimpelekea bibi. Alipaka kwenye mkwaruzo wa kiwiko, akanyamaza, akanitazama.

"Mjukuu wangu, mbona haiwashi?"

"Ndivyo inavyotakiwa, bibi."

Akakigeuza kichupa, akainusa karafuu, akavuta mguu wake uliopasuka kisigino.

"Haya, nitilie na hapa."