Kwa Heshima ya Fomu ya Klirensi

Majoho yamesifiwa vya kutosha. Vimbweta vimesifiwa, bumu limesifiwa (hasa siku linapoingia), hata wali maharage wa kafeteria umepata mawakili wake. Iliyosahauliwa ni fomu ya klirensi: karatasi moja ya A4, visanduku tisa, na asiyeijaza cheti atakisikia kwa wenzake. Niliishi nayo wiki tano. Kunyamaza si uungwana.

Sifa yake kuu ni kwamba inafundisha jiografia. Miaka mitatu nilikijua chuo kwa njia moja tu: bweni, kimbweta, ukumbi wa mihadhara, kwa mama ntilie nje ya geti. Fomu ikanishika mkono. Nikagundua tuna ofisi ya michezo, nyuma ya karakana, ukipandia ngazi zinazoanzia chumba cha jenereta. Nikagundua kwamba ofisi ya mhasibu ina milango miwili, na foleni huwa kwenye ule usiofunguliwa. Ibn Battuta alitoka Tangier akafika Kilwa mwaka 1331, na namheshimu, lakini hakuna aliyemrudisha Mogadishu kwa sababu muhuri wa huko umefifia. Mimi nilirudishwa mara mbili.

Nawahurumia waliotangulia. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilifungua milango Oktoba 1961 ndani ya jengo la TANU, Dar es Salaam, kikiwa na kitivo cha sheria tu na wanafunzi wasiofika hata ishirini. Maskini wale, klirensi wangeimaliza kabla ya chai ya saa nne. Wangeona nini cha dunia?

Huko michezoni nilimkuta mzee mpole akiwa na daftari.

“Una jezi yetu?”

“Sina, mzee. Sijawahi kucheza.”

“Wote husema hivyo.”

Akapekua kurasa zote, akanitazama miguu, akagonga muhuri.

Fomu ni nyepesi, haili, haisemi. Inajenga undugu pia: kwenye foleni ya maktaba nilifahamiana na watu wanne wa kozi yangu mwenyewe. Maktaba ilinidai shilingi 3,000 kwa kitabu nilichorudisha mwaka wa kwanza. Nikakionyesha rafuni kwa kidole. Nikaambiwa rafu haina mamlaka, mfumo ndio unaosema. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inanidai mamilioni, na hiyo inasubiri kwanza nipate mshahara ndipo ikate asilimia 15. Elfu tatu hizi hazikusubiri hata nitoke getini.

Kisanduku cha tisa ni cha idara. “Una alama moja haijaingia,” nikaambiwa. Mwaka wa pili, muhula wa pili. Mtihani niliufanya, sahihi yangu imo kwenye orodha ya mahudhurio. Mwalimu yuko safari. Mwalimu ana simu mbili, na zote zinaita. Siku kumi na moja nilikalia benchi lile, na katika siku hizo likafungwa tangazo la kazi serikalini nililokuwa nimelikariri mpaka ule mstari wa chini unaosema matokeo ya muda na hati za matokeo havitakubaliwa. Hawana kosa. Wanataka transkripti, nami nilikuwa na karatasi ya visanduku nane.

Nikaikagua mbele na nyuma. Inauliza kama nadaiwa godoro, funguo, kitabu, jezi. Hakuna kisanduku kinachouliza kama nilijifunza kitu. Wala hakuna cha chuo kuthibitisha kwamba nacho hakidaiwi: ile kozi tuliyofundishwa mara nne muhula mzima, ikatahiniwa kana kwamba ni mara kumi na tano, zile karatasi za “Leo hakuna kipindi” zilizobandikwa mlangoni baada ya sisi kufika, hizo alama zangu. Godoro lenyewe nililodaiwa tulililalia wawili, kwa kubebana, na mwenzangu naye alidaiwa lilelile. Nani amsainie mwalimu? Aende ofisi gani, apande ngazi zipi?

Samahani, nilikuwa nasifu.

Mihuri yake inapendeza. Mitano ya bluu, mitatu ya zambarau, na mmoja mwekundu, wa idara, uliopigwa kichwa chini. Nilitoa kopi ya rangi kabla ya kuikabidhi.

Siku ya mahafali mama alikuja na vitenge vipya na mashangazi wawili, akauliza cheti kiko wapi. Nikamwambia kinachapishwa, nikampa ile kopi atulie nayo. Akaihesabu mihuri kwa kidole, polepole, mpaka tisa.

“Na wote hawa wanakujua, mwanangu?”

“Wananijua, mama.”

Iko sebuleni sasa, kwenye fremu iliyokuwa na picha ya mjomba. Transkripti bado.