Barua ya Wazi kwa Idara ya Viendelezi vya Chrome

Kwa Wakuu wa Viendelezi,
Kivinjari cha Chrome, Google,
Mountain View, California.

YAH: SHUKRANI KWA KUTUFUNDISHA UVIVU

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Poleni na majukumu ya kuendesha kivinjari kinachotumiwa na watu wengi kuliko kingine chochote duniani. Tunaowaandikia ni wasanidi ambao, mlipotangaza Manifesti V3, tuliamua kukaa kitako na kutofanya lolote. Wenzetu walituita wazembe. Sasa hesabu zimefungwa, nasi tumeona ni uungwana kuja kushukuru, kwa maana hatujui taasisi nyingine iliyoulipa uzembe vizuri namna hii.

Kwa kuwa barua ni ya wazi, na huenda ikaangukia mikononi mwa wasio wa fani hii, mtatuwia radhi tukieleza kidogo. Kiendelezi ni programu ndogo ambayo mtu huipachika kwenye kivinjari chake: ya kuzuia matangazo, ya kutunza nywila, ya kuzifanya kurasa ziwe nyeusi usiku, ya kumkumbusha mfanyakazi apumzishe macho. Vingi huandikwa na mtu mmoja, jioni, akishatoka kwenye kazi inayomlipa. Ndani ya kila kiendelezi mna faili moja liitwalo manifesti, ambalo hutaja jina lake, ruhusa kinazoomba na toleo la kanuni kinalofuata. Katika tarakimu hiyo ya toleo, 2 au 3, ndimo tulimogawanyika kuwa watiifu na wavivu.

Watiifu walianza kuhangaika Oktoba 2018, mlipotangaza kwamba toleo la tatu liko njiani. Januari 2021 Chrome 88 ikalifungulia mlango. Septemba ya mwaka huohuo mkatoa ratiba: kuanzia Januari 2022 duka lisipokee viendelezi vipya vya toleo la pili, na ikifika Januari 2023 hata vya zamani viache kufanya kazi. Ilikuwa ratiba nzuri, yenye tarehe na kila kitu. Wenye hofu waliibandika ukutani, wakayaweka kando yote waliyoombwa na watumiaji wao, wakaanza kubomoa na kujenga upya kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Sisi tukaenda kulala. Septemba 2022 mkaisogeza ratiba mbele. Desemba 2022, wiki chache kabla ya kiama chenyewe, mkaisimamisha kabisa. Novemba 2023 mkatoa nyingine, ya Juni 2024. Juni 2024 ilipowadia, kilichoanza kilikuwa onyo tu, tena kwa wanaotumia matoleo ya majaribio. Uzimaji wenyewe kwa watu wa kawaida ulianza kidogo kidogo Oktoba, na kampuni zilizotaka nafasi zikaachiwa hadi Juni 2025. Wazee walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Ninyi mmetuonyesha kwamba aliyechelewa humkuta mwana amekua, amemaliza shule na anafua nguo zake mwenyewe.

Mtasema kuahirisha ni huruma, na kweli waliolia wakitaka muda zaidi walikuwa wengi. Lakini tuliyovuna kwa kuchelewa hayakuwa usingizi peke yake, na hapa inabidi tuingie jikoni.

Chini ya toleo la pili, kiendelezi kiliweza kuwa na ukurasa wa nyuma usioonekana, ukikesha muda wote kivinjari kilipokuwa wazi. Ulikumbuka mambo, ulihesabu muda, ulipiga kengele. Mkasema ukurasa huo unakula kumbukumbu ya kompyuta bure, na hamkukosea. Mahali pake mkaleta sevisi woka, ambayo huamka likitokea tukio, na ikikaa sekunde 30 bila kazi inazimwa. Kwa maneno mengine, mlimwachisha kazi mwajiriwa wa kudumu mkaleta kibarua. Akisimama kufuta jasho, anarudishwa nyumbani. Akiitwa tena, hakumbuki hata kidogo alichokuwa akifanya asubuhi. Na katika miaka ile ya mwanzo, hata aliyechapa kazi bila kupumua aliondolewa ikifika dakika ya tano.

Mtiifu wa 2021 alimpokea kibarua huyo bila vifaa. Alitaka mahali pa kuweka mambo ya muda mfupi pasipo kuyaandika kwenye diski: `storage.session` ilikuja na Chrome 102, mwaka 2022. Alitaka kupiga sauti, au kuichambua HTML kama alivyozoea, lakini sevisi woka haina ukurasa wa kufanyia hayo. Dawa yake, `chrome.offscreen`, ilifika na Chrome 109, Januari 2023, mwezi uleule ambao kwa ratiba yenu ya kwanza toleo la pili lilipaswa kuwa kaburini. Kile kikomo cha dakika tano mkakilegeza mwezi uliofuata, kwenye Chrome 110. Alitaka kupima muda pia. Kipima muda cha kawaida cha JavaScript hufa pamoja na sevisi woka, basi mkamwelekeza kwenye `chrome.alarms`, ambayo wakati huo haikukubali kumwamsha mtu kabla ya dakika moja. Kibarua analala sekunde ya 30, kengele inalia sekunde ya 60. Nambari hizo mbili, zote zikiwa mali yenu, zilikuja kupatanishwa katika Chrome 120, mwishoni mwa 2023.

Kwa kukosa vyote hivyo, mtiifu alibuni. Wapo waliokifanya kiendelezi kijigongee mlango chenyewe kila baada ya sekunde 20 na kitu ili kisizimwe. Wapo waliofungua kichupo kizima pembeni ili tu kupata pa kupigia kengele. Kumbukumbu ya kompyuta mliyokusudia kuiokoa ikawa inaliwa na mbinu za kuukwepa wokovu. Vifaa vilipofika, mtiifu huyohuyo akazibomoa mbinu zake na kujenga mara ya pili. Sisi tulipoamka 2024, tulikuta kila kitu kimepangwa mezani, tukajenga mara moja na kurudi kitandani.

Tampermonkey na wenzake ni mfano tusioweza kuuacha. Hivi ni viendelezi vinavyoendesha misimbo midogo ambayo mtumiaji ameichagua mwenyewe. Toleo la tatu limepiga marufuku kuendesha msimbo usiokuwemo ndani ya kifurushi kilichokaguliwa dukani, kwa hiyo mwenye kiendelezi cha aina hiyo, hata angekuwa mtiifu kiasi gani, hakuwa na njia. Njia, yaani `userScripts`, ilifunguliwa Chrome 120, kwa sharti kwamba mtumiaji awashe kwanza hali ya msanidi. Ili mtu wa kawaida alindwe, mkamtaka ajifanye msanidi. Mwaka 2025 mkabadilisha tena, mkaweka swichi ya peke yake kwa kila kiendelezi. Aliyekwisha kuandika maelekezo yenye picha kwa ajili ya watumiaji wake, poleni zetu zimfikie.

Tufike kwenye matangazo, jambo ambalo tunahisi mngependa tulipite kwa miguu ya paka.

Toleo la pili liliruhusu kiendelezi kulisimamisha kila ombi linalotoka kwenye kivinjari, kulitazama, kisha kulikataza. Hivyo ndivyo uBlock Origin, kizuia matangazo cha Raymond Hill, ilivyofanya kazi. Toleo la tatu linataka kiendelezi kikabidhi orodha ya kanuni mapema, halafu kivinjari kiamue chenyewe. Mwanzoni mlipendekeza kanuni zisizidi 30,000. EasyList, ambayo ni orodha moja tu kati ya nyingi zinazotumiwa na vizuia matangazo, ilikuwa imekwisha kuivuka idadi hiyo. Januari 2019 Hill akaandika kwamba mkienda hivyo kiendelezi chake hakitaishi. Kelele zikapanda. Juni mkasema kikomo kitapanda hadi 150,000. Leo kila kiendelezi kimehakikishiwa kanuni 30,000, na juu yake vyote vinagombea mfuko wa pamoja wa 300,000. Tunaomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba nambari hizi hazikupatikana kwa utiifu. Wala hazikupatikana kwa uvivu, tukubali. Zilipatikana kwa makelele, fani inayodai nguvu ambazo sisi hatuna.

Kilichotufurahisha zaidi ni kwamba uwezo wa kuyatazama maombi hayo mmeubakiza. Kiendelezi chenye ruhusa bado kinaweza kuona kila anwani unayofungua. Kilichonyang'anywa ni nguvu ya kuikataza. Kwa mageuzi yaliyotangazwa kwa jina la faragha, huu ni ubunifu wa hali ya juu. Nayo nguvu hiyo ya kukataza haikufutwa kwa wote: kiendelezi kilichosakinishwa kwa sera ya mwajiri kinaruhusiwa kuendelea nayo. Inaonekana hatari yake huisha pale anayekisakinisha akiwa ni bosi. Hatutagusia kwamba takriban robo tatu ya mapato ya Alphabet, kampuni mama yenu, hutokana na matangazo. Mlisema hamna nia ya kuviua vizuia matangazo, na hamkuviua. AdGuard walitoa chao cha toleo la tatu 2022, na Hill ana uBlock Origin Lite. Vipo, vinapumua, vimepungua mwili.

Huku kwetu Afrika Mashariki msiba haukuwa mkubwa, kwa sababu wengi huingia mtandaoni kwa simu, na Chrome ya simu za Android haipokei viendelezi hata hivyo. Asiyekuwa na ng'ombe haibiwi ng'ombe. Aliyeumia ni yule mwenye kompyuta anayeiunganisha na simu kwa hotspot, akihesabu MB za bando, ambaye kizuia matangazo kilikuwa kwake namna ya kubana matumizi.

Msije mkadhani hatuoni hatari mliyokuwa mkiikimbia. The Great Suspender, kiendelezi kilichopendwa kwa kulaza vichupo visivyotumika, kilipata mmiliki mpya 2020, na Februari 2021 mkalazimika kukizima kwa kubeba msimbo mchafu. Kuzuia kiendelezi kisivute msimbo kutoka kusikojulikana ni haki kabisa, na kama ratiba ingebeba jambo hilo peke yake, pengine hata sisi tungeamka mapema. Mlilifunga kwenye furushi moja na mengine yote, ndipo ikawa vigumu kujua kipi ni kinga na kipi ni biashara.

Na kinga ina mipaka yake. Mkesha wa Krismasi 2024, kiendelezi cha Cyberhaven, kampuni ambayo kazi yake ni usalama wa data, kiligeuzwa kuwa mwizi wa data. Wahalifu hawakuhitaji kuivunja manifesti yoyote. Walituma barua pepe iliyojifanya imetoka dukani kwenu: kiendelezi chenu kimekiuka kanuni, kinakaribia kuondolewa, bonyeza hapa. Mfanyakazi akabonyeza, akaidhinisha ruhusa, basi. Hatuna moyo wa kumlaumu. Msanidi aliyelelewa kwa miaka kwenye onyo, tarehe ya mwisho, na tangazo la kuifuta tarehe ya mwisho, atajuaje kwamba onyo hili ndilo la uongo? Tunachoweza kusema ni kwamba mmoja wetu asingebonyeza. Angesubiri liahirishwe.

Haki itendeke pia kwa majirani zenu. Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, wamebakiza uwezo wa kukataza maombi, na hawakuwalazimisha watu wao kwa sevisi woka, jambo tunalowapongeza. Lakini ni haohao ambao Novemba 2017, kwa Firefox 57, walivifuta viendelezi vyote vya mfumo wao wa zamani kwa siku moja, na Mei 2019 wakasahau kuhuisha cheti kimoja, wakaamka viendelezi vya watu vimezimika duniani kote. Huko nako mvivu hakupoteza: aliyelala wikiendi ile aliamka Jumatatu tatizo limeanza kutibiwa.

Maombi yetu si mengi. Tunaomba Manifesti V4 itangazwe mapema iwezekanavyo, tena kwa tarehe kali isiyo na mjadala, ili tuanze kutoishughulikia kwa wakati. Vifaa vyake vije mwishoni kama ilivyo desturi. Jina la `chrome.browserAction`, ambalo mlilibadilisha kuwa `chrome.action`, mkilikumbuka mnaweza kulirudisha. Sisi hatutakuwa tumeligusa. Na watiifu wa 2021 tungependa wapewe japo cheti cha ushiriki. Wengi wao hawakuwahi kulipwa senti kwa viendelezi vyao, bali wao ndio waliowalipa ninyi dola 5 za kujiandikisha dukani. Walijenga mara mbili kile ambacho watumiaji wao hawakuona tofauti yake, na wapo waliopiga hesabu ya jioni zao wakaona bora wafunge. Viendelezi vyao vimezimwa, na waliovitumia wamebaki kuuliza vimekwenda wapi.

Tunatanguliza shukrani kwa ahirisho lijalo.

Wenu katika kusubiri,

WASANIDI TULIOKAA KITAKO

Nakala: Mozilla, kwa taarifa na tahadhari.
Microsoft Edge, ambayo imejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, na kwa hiyo itaipata hata isipoiomba.