Punguza Mwili Bila Kugusa Ndizi: Mwongozo kwa Wakazi wa Bukoba na Muleba

Kwanza chagua mwezi. Novemba na Desemba ziweke kando kabisa. Huo ni msimu wa panzi wetu, senene; taa kali zinawaka usiku kucha na mabati yamesimamishwa ili wateleze mpaka kwenye mapipa. Kabla hata hawajaisha yanaanza kuingia mabasi ya Dar es Salaam, yamejaa ndugu waliokuja Krismasi, kila mmoja na harusi yake, kipaimara chake au kaburi lake la kujengea. Anayekataa sahani kwenye nyumba ya Mhaya siku hizo haonekani mwenye nidhamu, anaonekana ana ugomvi. Anza Januari. Ada za shule zitakuwa zimeshakupunguzia nusu ya mlo. Kazi yako ni kuupa jina la mpango.

Kisha tafuta maelekezo ya wataalamu ili uyapindishe. Taasisi ya Chakula na Lishe inataka mlo uwe na makundi sita: nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika, mikunde, vyakula vyenye asili ya wanyama, mbogamboga, matunda, na mafuta yenye afya. Mtu wa Kamachumu akisoma orodha hiyo anatabasamu. Ndizi ya kupika imo kundi la kwanza. Ndizi mbivu imo kwenye matunda. Bado lubisi, ambayo wataalamu wameisahau, lakini si ni ndizi iliyochachushwa na mtama? Hilo ni tunda na nafaka kwa mpigo. Mtu anakaribia nusu ya makundi na hajatoka hata kibanjani.

Yaliyobaki yafanye mapambo. Maharage yapikwe pamoja na ndizi kama ilivyo desturi, ila yawe machache kiasi kwamba atakayeyapata ajione amebahatika. Njugu mawe ambazo mama alizilima kwenye nyasi za rweya, mgongo umepinda, ziende sokoni. Mayai yapeleke dukani urudi na soda. Sangara na dagaa wa visiwa vya Bumbire na Goziba waache wapite, wana safari ndefu. Senene wakaange, wafungashe vizuri, uwauzie abiria pale stendi, maana huko waendako watu wanajua thamani ya protini. Wazee wetu waliliona hili mapema: wanawake waliingia umandeni alfajiri kukamata senene, na mila ikawakataza kuwala. Aliyeamka akapata mazoezi, aliyelala akapata protini.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu asilimia 34 ya watoto wa Kagera walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Lisikusumbue. Mkoa wetu unasifika kwa chakula, na mtoto aliyeshiba ndizi halalamiki.

Kuhusu mazoezi, Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye angalau dakika 150 kwa wiki. Bibi wa Nshamba anazimaliza Jumanne, tena akiwa na mkungu kichwani. Wewe wa mjini nunua traksuti ya mtumba, ivae Jumamosi ukapige picha ufukweni, halafu rudi nyumbani kwa bodaboda. Kilima usikipande kwa miguu. Watu watadhani umeishiwa.

Penye kazi hasa ni motisha. Washauri wengi husema ujizungushie watu wa kukutia moyo. Bukoba watu hao hawakosekani: ukipungua kilo tatu tu, watakuja jioni wenyewe, wawili wawili, sauti chini. Usiwalaumu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoa huu mwaka 1983, na miaka iliyofuata kila ukoo ulijifunza kusoma mashavu ya mtu kabla ya kusikia habari zake. Ukikaza mkanda tundu moja, kijiji kizima kilishajua. Leo dawa zipo, watu wanazimeza na kuzeeka wakilea wajukuu, lakini jicho lile la kupima mashavu halijastaafu. Kwa hiyo anayekonda kwa hiari yake anadaiwa maelezo, na kitambi kimebaki kuwa cheti cha afya kisichohitaji muhuri wa daktari. Presha na sukari zinalijua hilo vizuri. Huingia kimyakimya, mwenyewe akiwa ananenepa na kusifiwa msibani na harusini, na hakuna jirani anayenong'ona.

Kwa hiyo kama umeamua kweli, andaa utetezi kabla mkanda haujakusemea. Nenda zahanati upimwe, karatasi ya majibu itunze mfukoni, nakala irushe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mezani punguza ndizi waziwazi, mbele ya mashahidi, na nafasi yake uijaze maharage na majani ya maboga, juu yake kipande cha parachichi, ambalo kwa miaka yote umekuwa ukiliacha lidondoke na kuozea kibanjani. Anza na shangazi, kwa kuwa akielewa yeye wengine watafuata. Mweleze kwa utulivu habari za uzito, chumvi na sukari. Atakusikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza. Atakuongezea ndizi mbili, atasogeza kiti karibu, na atakuuliza taratibu: "Sasa mwanangu, hizo dawa unazichukulia hospitali gani?"