Marehemu wa Kubuni, Kesi ya Kweli

Mwandishi wa hadithi akiua mhusika, kesi haiendi mahakamani. Inamfuata nyumbani, inavua kandambili mlangoni, inakaa kwenye kochi na kusubiri chai.

Kwangu ilikuja na mama mkwe. Alitoka Tanga na kikapu cha muhogo, ila muhogo ulikuwa kisingizio. Mjukuu alikuwa amemsomea hadithi yangu ya bwana aliyemtilia mkewe sumu ya panya kwenye uji. Nikamwamkia, akaitika marahaba ya mkato, macho yake yako jikoni. Nilipomletea mke wangu chai, mama akadaka kikombe, akakinusa, akanirudishia.

“Hebu onja wewe kwanza, baba.”

Nikaonja. Haikuwa na sukari, na kwa hilo kweli nilistahili kuwekwa kikao.

“Mama, yale ni mambo ya kubuni tu.”

“Haya. Na bei ya sumu uliijuaje?”

“Niliulizia dukani.”

“Ahaa!”

Kinachoniudhi ni kwamba upelelezi huu unafanyika kwenye maovu tu. Niliwahi kuandika habari za tajiri mkarimu mwenye maghorofa Kariakoo, anayesomesha yatima. Hakuna hata mmoja aliyeninong’oneza, “Yule si ndiye wewe?” Mangi wa dukani, ambaye daftari lake la madeni nalijaza mimi peke yangu, aliisoma yote na bado akaninyima unga. Nikiandika wema, nimetunga. Nikiandika uchawi, nimekiri.

Nikamtolea mama mfano wa marehemu Euphrase Kezilahabi. Rosa anajiua katika Rosa Mistika, 1971. Kazimoto anajiua katika Kichwamaji, 1974. Mwaka uliofuata, Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo akaishia kunyongwa. Ukivisoma vitabu hivyo mfululizo utadhani mwandishi mwenyewe hakuiona Jumapili. Kumbe mzee wa watu alifundisha zake chuo kikuu, Dar es Salaam na baadaye Botswana, akaitwa profesa, akafariki 2020 akiwa na miaka 75.

“Lakini si alizaliwa hukohuko Namagondo, Ukerewe, kwa akina Rosa?” akadakia shemeji, ambaye hakuna aliyemwomba mchango.

Kijiji ni chake, sikatai. Mwandishi huazima kisima, njia ya kwenda ziwani, kikohozi cha mlevi wa nyumba ya jirani. Maiti anajitafutia mwenyewe.

Na kama ni sumu, nani amfikie Agatha Christie? Mama wa Kiingereza, dawa alizijulia kwenye stoo ya dawa ya hospitali wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akipima na kuchanganya, chupa za hatari ziko mbele ya pua yake. Halafu mumewe akapata mwanamke mwingine. Jamani! Utaalamu anao, sababu anayo, hasira bila shaka anazo. Wakaachana kwa talaka mwaka 1928, na yule bwana akaendelea kula na kunywa mpaka 1962. Waliokufa kwa sumu ni watu wa vitabuni, wasiomkosea chochote. Mimi naona mwanamume yule alipaswa kununua kila nakala kwa shukrani.

Shemeji hakukubali. Akaniletea John Kiriamiti wa Kenya, aliyepora benki kwelikweli, akafungwa, na kitabu chake My Life in Crime kikatoka 1984. Huyo nilikuwa nimemficha makusudi. Lakini angalau ni muungwana: alikiri kwenye jalada kabisa, hakumlazimisha mtu kunusa chai.

Mama mkwe alisafiri bila kutoa hukumu, ila alimwachia mke wangu maagizo ya kufunga kabati la jikoni kwa kufuli. Nikadhani yamekwisha. Jioni ile jirani yetu muuza vitumbua akanivuta kando ya uzio, akatazama huku na huku, akaniuliza kama hadithi ijayo ina nafasi ya mtu mmoja. Ni kijumbe wao wa upatu, aliyetoweka na hela za wanawake wa mtaa mzima.

“Usimuue,” akaniambia, akinifungia vitumbua vya bure. “Atumbukie chooni tu. Na awe amevaa nyeupe.”