Spa ya Beseni: Kumi Bora za Kuinusuru Ngozi na Baridi ya Njombe

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu mtu akilalamika baridi, ana maana ya ule upepo wa Julai unaokufanya uvute khanga ya pili alfajiri. Kazi ikanihamishia Njombe mwezi wa sita, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya tatu nilijikuna mguu kwa ukucha, ukabaki mstari mweupe. Nikajaribu kuandika jina langu. Lilisomeka bila taabu.

Mama mwenye nyumba, Mbena aliyezaliwa na baridi na kuizoea kama ndugu, alinitazama akatikisa kichwa. "Mwanangu, hiyo si miguu. Huo ni ubao wa darasa la kwanza."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi jioni bafu langu hugeuka spa. Haina muziki wa filimbi wala mhudumu wa kukuletea chai ya tangawizi kwa trei. Ina beseni, kopo, dodoki, ndoo mbili, na joho zito la kuogea nililolipata mtumbani, lenye jina la hoteli nisiyoijua kwa lugha nisiyoisoma. Haya ndiyo mambo kumi niliyojifunza humo. Nayahesabu kurudi nyuma, kama watangazaji wa redio na nyimbo zao kumi bora: tunaanza na la kuchekea, tunamaliza na lenyewe.

10. Mafuta ya nazi yaliyogoma

Nilipanda basi na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyakamua bibi kwa mikono yake. Nilipofika nikaipindua: kimya. Nikaitikisa: kimya. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Njombe ya Julai nyuzi 24 ni habari za mikoa mingine. Mama mwenye nyumba alidhani nimeleta mshumaa.

Dawa yake ni ndogo. Ichovye chupa kwenye maji ya vuguvugu, mafuta yakilegea yahamishie kwenye kopo la mdomo mpana, na tangu hapo chota kwa kijiko. Yakikutana na kiganja yatayeyuka yenyewe. Huna haja ya kuyachemsha. Unapaka mwili, hukaangi maandazi.

9. Maji ya moto, rafiki mnafiki

Baridi ikikukamata, unataka maji ya kunyonyolea kuku. Mwili unafurahi, ngozi inalia. Juu ya ngozi kuna tabaka jembamba la mafuta yako mwenyewe, ndilo linalozuia maji ya ndani yasitoroke. Maji ya moto na sabuni kali hulichukua lote, kama sufuria ya mchuzi inavyosafishwa. Ukitoka bafuni, hewa kavu ya nje inakuta mlango wazi na hakuna mlinzi.

Kwa hiyo maji yawe ya vuguvugu, na kuoga kusizidi dakika kumi. Sabuni ipeleke kwapani, miguuni na kunakohusika. Mikono na mapaja hayajalima leo. Najua dakika kumi ni chache. Ukitaka kukaa muda mrefu, vaa joho ukakae sebuleni.

8. Limau, rudi jikoni

Kuna shoga ambaye kila tatizo la ngozi analijibu kwa limau. Chunusi? Limau. Madoa? Limau. Mume harudi mapema? Jaribu limau. Shoga, ngozi ina uasidi mdogo wa kadiri ya pH 5. Limau liko kwenye 2. Tofauti hiyo si ya kutaniana nayo. Isitoshe, maji ya limau au ndimu yakikauka kwenye ngozi kisha yakapigwa na jua, yanaweza kuleta malengelenge na madoa meusi ya kukaa wiki nyingi.

Wala usidanganyike kwamba kwenye baridi hakuna jua. Mionzi ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, hivyo jua la Njombe linakuchoma huku unatetemeka. Mafuta ya kukinga jua, au kofia pana, ni ya mwaka mzima.

Na lile kopo la sokoni lisilo na nembo, linaloahidi kukung'arisha kwa siku tatu? Zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na sababu zipo. Ngozi iliyokauka inahitaji kunyweshwa, haikuomba kuchunwa.

7. Singo iliyopanda mlima

Hapa ndipo nilipotaka kuwaonyesha watu wa bara kwamba sisi mwambao tulijua spa kabla neno halijashuka melini. Singo ni mchanganyiko wa maua makavu yaliyosagwa: waridi, asumini, mlangilangi, mrehani, pamoja na liwa iliyosuguliwa juu ya jiwe na karafuu kidogo kwa harufu. Huloweshwa kwa maji ya waridi ukapata rojo, bibi harusi akasuguliwa mwili mzima siku kadhaa kabla ya harusi, hadi apite yeye kwanza ndipo marashi yafuate.

Nilijisugua, nikasubiri ikauke kama nilivyofundishwa. Ilikauka kweli, ikanivuta uso hadi nikashindwa kucheka. Nilichosahau ni kwamba kwetu Tanga hewa yenyewe ina maji, ndiyo inayosaidia nusu ya kazi. Huku juu rojo likikauka linanyonya unyevu wa mwenye ngozi.

Basi nilibadilisha: nusu ya maji ya waridi nikaiondoa, nikatia mafuta. Nikaisugua kwa mkono mwepesi ingali mbichi, nikaosha kabla haijapasuka nyufa. Karafuu niliipunguza iwe ya kunusisha tu, kwa sababu nyingi huwasha. Ngozi ikatoka laini, nyumba nzima ikanukia. Mama mwenye nyumba akachungulia mlangoni: "Mwanangu, unaoga au unapika pilau?"

6. Parachichi, tajiri wa kijiji

Kuwa Njombe ukanunua kopo la mafuta ya parachichi kutoka ng'ambo ni kama kuwa Pemba ukaagiza karafuu. Maparachichi ya Hass ya huku hupanda meli kwenda nje. Yale makubwa ya kienyeji hubaki yakitugombanisha mezani. Chukua nusu ya tunda lililoiva hadi linabonyea, liponde na kijiko cha asali, paka usoni dakika 15, osha. Mafuta ya parachichi hulainisha, asali huvuta maji na kuyashikilia.

Mama mwenye nyumba alinikuta na uso wa kijani. "Watoto hawajala, wewe unalisha mashavu?"

Nilitaka kujitetea, lakini nikamtazama yeye anavyofanya. Nyama ya tunda aliikomba yote kwenye sahani ya wajukuu. Ganda tupu akalishika mkononi kama kikombe, akapitisha kidole gumba ndani taratibu, kikatoka kinang'aa na ule utando wa kijani unaobaki. Akaupaka viwiko. Kisha akaligeuza ganda lenyewe, akajisugulia nyuma ya viganja, kwanza mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Watoto wameshiba, viwiko vimelainika, na hakuna kilichotupwa ila ganda. Nikanawa uso wangu kimyakimya.

5. Magaga, au miguu inayochana shuka

Ukigeuka kitandani ukasikia sauti ya kitambaa kinachochanika, hiyo si ndoto. Loweka miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, kisha sugua visigino kwa lile jiwe jepesi lenye vitundu. Jiwe hilo ni povu la volkano lililoganda, ndiyo maana huelea majini. Mlima Rungwe, jirani yetu upande wa Mbeya, ulilipuka miaka kama 4,000 iliyopita ukamwaga mawe ya aina hiyo eneo lote. Kwa maneno mengine, mlima uliona visigino vyetu mapema.

Sugua ukielekea upande mmoja, bila hasira. Nia ni kulainisha, huchongi mtumbwi. Kausha, paka mafuta mazito, vaa soksi za pamba, lala. Kwa wenye kisukari, mawe na wembe wekeni mbali: kidonda kidogo cha mguu kwenu si kidogo, mwoneni mganga wa hospitali.

4. Midomo

Acha kuilamba. Mate yameumbwa kuanza kumeng'enya ugali, nawe unayapaka mdomoni kila dakika mbili kama mafuta. Yakikauka huondoka na unyevu uliokuwepo. Samli kidogo kwa ncha ya kidole inatosha. Ukilamba na hiyo, basi ni njaa, nenda ukale.

3. Dakika tatu za dhahabu

Kama unasoma kwa haraka, soma hapa. Ukimaliza kuoga usijifute hadi ukauke kama kikombe cha kabatini. Jipapase kwa taulo, ngozi ibaki na umande, na ndani ya dakika tatu hivi uwe umeshapaka. Mafuta hayana maji ndani yake. Kazi yake ni kuyafungia maji uliyonayo. Ukipaka kwenye ngozi kavu umefunga duka tupu kwa kufuli la bei mbaya.

Anza na glisirini iliyochanganywa na maji, ambayo huvuta unyevu. Usiipake tupu kwenye ngozi kavu, maana ikikosa maji ya nje itaomba ya ndani. Juu yake weka kifuniko: mafuta ya nazi, ya parachichi, au Vaseline.

Usiidharau Vaseline kwa sababu inauzwa dukani kwa Mangi. Robert Chesebrough, mkemia wa Marekani, aliwakuta wafanyakazi wa visima vya mafuta kule Pennsylvania wakipaka kwenye majeraha yao nta iliyokuwa ikiganda kwenye mitambo. Akaichukua, akaisafisha, na mwaka 1872 akapata hataza yake. Inasimuliwa kwamba alikula kijiko kimoja kila siku, na kweli aliishi hadi miaka 96. Wewe paka tu.

2. Jiko la mkaa libaki nje

Hapa naweka utani kando kidogo. Spa inataka joto, na Njombe joto la haraka ni jiko la mkaa. Unaliingiza bafuni au chumbani, unafunga dirisha, unasikia raha. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na usingizi wake ni mtamu kiasi kwamba wengine hawakuamka. Misiba ya namna hiyo hutokea.

Chemsha maji nje, yaingize kwenye ndoo. Udi nao una kaa lake, kwa hiyo chetezo nakiweka uani, nafukizia joho na khanga hukohuko, kisha nazivaa zikiwa bado na joto. Unapata harufu, unapata joto, na kesho unapata kusimulia.

1. Mkono wa pili

Nimefanya yote tisa. Mikono laini, visigino laini, uso unang'aa. Lakini katikati ya mgongo, pale vidole vya juu havifiki na vya chini havifiki, paliendelea kuwasha. Nilijaribu dodoki la kamba. Nilijaribu mwiko. Jumamosi moja nilikuwa najisugua kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe, mama mwenye nyumba akapita na ndoo yake.

Akaitua. "Leta hicho kimshumaa chako."

Akachota kijiko kimoja cha nazi iliyoganda, akakifunika kati ya viganja viwili, akangoja bila kusema. Kilipoanza kuchuruzika kwenye kifundo cha mkono ndipo akanigusa. Viganja vya mwanamke aliyechuma chai miaka mingi vina ukali kuliko dodoki na joto kuliko maji ya ndoo. Alianzia mabegani, akashuka, akafika pale. Nikatoa mguno ambao sitauandika.

Hapo nikakumbuka kwamba hata lugha yetu inalijua hilo: bibi harusi husingwa. Sijawahi kusikia mtu akisema bibi harusi amejisinga. Bibi yangu na masomo wenzake, wale wanaomwandaa bibi harusi, hawakuwa na krimu ya bei kubwa. Walikuwa na mtu wa kukaa nyuma yako saa nzima. Hiyo ndiyo anasa ambayo nilikuwa naitafuta makoponi.

Alipomaliza alinusa viganja vyake. "Kumbe unanukia wali."

Jumamosi iliyofuata sikumwita. Alibisha mwenyewe, kigoda mkononi, akakiweka katikati ya chumba, akaketi akanipa mgongo. Nikachota, nikafunika viganja, nikangoja. Nilipoanza, akageuza shingo.

"Taratibu, mwanangu. Huandiki ubaoni."